Mama Fidelis Afunga Mizigo ya Theluji

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, maduka ya Mlali yalikuwa yameanza kujaa sabuni za kila rangi, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande kimoja cha mche. Ndipo Eufrazia aliposhinda safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Hakuiomba. Alinunua pakiti ya sabuni ya unga iitwayo Povu Jingi, akaifungua kando ya karai la nguo, na ndani yake akakuta kadi yenye picha ya mlima. Alikuwa anaitaka yenye picha ya baiskeli.

Eufrazia, ambaye sisi majirani tulimwita Mama Fidelis, alizaliwa Mgeta kule juu, akaolewa huku Mlali kwenye joto. Tangu akiwa binti alikuwa amepanda na kushuka milima ya Uluguru na tenga kichwani: njegere, kabichi, viazi, wakati mwingine mzigo wa mtu mwingine kabisa. Kwake mlima ulikuwa njia ya kwenda mahali. Hakuwahi kusikia mtu amepanda mlima, akafika juu, akageuka na kushuka mikono mitupu.

Wiki iliyofuata kampuni ya sabuni ikamtuma kijana wake. Aliitwa Faraja, alikuja na pikapu nyeupe, akiwa amevaa tai katika jua lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umeleta baiskeli?"

"Baiskeli imekwenda Dumila, mama. Ameshinda mzee mmoja anaitwa Dadi. Ana duka."

"Duka la nini?"

Faraja akakohoa. "La baiskeli."

Mama Fidelis akasema basi wabadilishane, yule mzee aende mlimani kwa kuwa baiskeli anazo. Faraja akajibu kwamba kwa utaratibu wa kampuni mshindi hachagui, mshindi anashinda tu. Mama Fidelis akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumuuliza taratibu kama mtu anayeulizia ukoo wa mchumba.

"Huko juu kuna soko?"

"Hakuna, mama."

"Kuna ndugu wa mtu?"

"Hakuna anayeishi huko."

"Msiba?"

"Hapana."

"Kanisa?"

"Mama, kule juu kuna theluji tu."

"Sasa nikishafika nafanya nini?"

"Tunakupiga picha. Halafu unashuka."

Mama Fidelis akamtazama mumewe, Alois. Mzee Alois alikuwa ametumikia kiwanda kimoja Morogoro mjini mpaka kilipofungwa, na tangu hapo alikuwa na muda mwingi wa kuwa na maoni. Lakini siku hiyo maoni yake hayakuhitajika. Kilichoamua mambo ni neno moja alilolisema Faraja akiwa tayari amesimama kuondoka. Alisema mama asiwe na wasiwasi na uzito, kwani kutakuwa na wapagazi.

"Wapagazi ndio akina nani?"

"Ni vijana wa kubeba mizigo yako, mama. Wewe unatembea tu."

"Mimi nitembee, mzigo wangu abebe mwanaume?"

"Ndiyo mama."

"Kichwani?"

"Kichwani."

"Nakwenda," akasema Mama Fidelis.

Faraja akafurahi, akamwachia kalenda ya kampuni, kubwa kama mlango wa banda la kuku. Juu yake kulikuwa na Mzungu amesimama kwenye weupe mtupu, anacheka. "Avae kama huyu," Faraja akamwambia Alois, kisha akapanda pikapu akaenda zake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana yule mtu alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Kuanzia kiunoni kwenda chini kulikuwa na tarehe. Januari ilianzia penye mkanda, na Desemba iliishia mahali ambapo pangekuwa na viatu.

Kalenda ikatundikwa kwenye baraza la fundi Abeid, mshonaji, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ukuta mrefu. Tukawa tunakwenda kuitazama. Fundi Abeid alikuwa mtu wa makini, alishona sare za shule na kanzu za Idi kwa utulivu ule ule, na hakupenda kusema jambo asilolijua. Aliitazama picha akiwa na futi ya nguo shingoni.

"Koti nimelielewa," akasema. "Chini sijui."

"Msuli," akasema Alois. "Mtu akiwa nyumbani kwake anavaa msuli."

"Hayuko nyumbani kwake, Mzee Alois. Yuko kwenye theluji."

"Umejuaje? Labda nyumba iko nyuma yake."

Wifi yake Mama Fidelis, Scholastika, hakujali sana habari ya chini. Yeye alikuwa ameona mikanda miwili iliyopita mabegani mwa yule Mzungu na kushuka kifuani. Alois alisema ni mikanda ya kushikilia suruali, jambo ambalo lilimharibia hoja yake ya msuli. Scholastika akasogea karibu kabisa na ukuta.

"Huyu kabeba mtoto," akasema.

Tukatazama tena. Kweli, yule mtu alikuwa ameinama kidogo mbele, kama anayembembeleza mtu mgongoni. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuona kitu kingine. Mama Fidelis akauliza mtoto anapelekwa huko juu kufanya nini, na Scholastika akajibu kwamba pengine mama yake ana kazi. Mwishowe wakakubaliana kwamba Mama Fidelis hana mtoto mchanga, lakini mbeleko ataichukua, ili asionekane amepungukiwa.

Mkononi Mzungu alishika kitu kama sururu ndogo. Hicho hakikutusumbua. Kama watu wanapanda na sururu, basi huko juu kuna shamba, na kama kuna shamba, Faraja alikuwa hajui anachokisema au alikuwa anaficha. Mama Fidelis akachukua jembe lake zuri, akalitia mpini mpya, na akafunga mbegu za njegere katika pindo la khanga. Njegere zinapenda baridi.

Mavazi yakakusanywa kutoka kila upande. Wakati wa kampeni kila chama kilikuwa kimepita Mlali na kugawa fulana, na Mama Fidelis, ambaye hakupenda kumuudhi mgeni, alikuwa amepokea zote. Sasa akazivaa zote kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Ikazuka hoja ipi ikae nje. Akaamua aliyekuja mwisho atangulie, na wa kwanza akae karibu na ngozi, kwa heshima.

Suruali aliishona fundi Abeid kwa pazia zito alilouziwa na mtu wa Mazimbu. Lilikuwa la kijani, lenye maua makubwa ya manjano. Mama Fidelis hakuwahi kuvaa suruali, na alisema wazi kwamba ataivaa ndani ya gauni, na gauni ndani ya khanga. Abeid akaishona bila kumpima, akiwa amegeukia ukutani, kwa kukadiria kivuli chake. Ilimkaa vizuri ajabu. Miwani ya giza aliiazima kwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kofia ya mzula aliifuma Scholastika mwenyewe, akasahau kuacha tundu la mdomo.

Ilibaki koti. Alois akapanda gari mpaka Dumila, kwenye mitumba ya kando ya barabara, akarudi ametuna kwa furaha. Kilikuwa kitu cha bluu kilichojaa manyoya, kinene kama godoro, chenye zipu ndefu ubavuni. Juu kilikuwa kipana na kina kofia. Chini kilikuwa chembamba, kimezibwa. Mikono hakina.

Leo hata mtoto wa shule akikiona atakwambia ni mfuko wa kulalia, mtu anajitia ndani na kufunga zipu. Mwaka ule hakuna aliyekijua Mlali, na nina hakika hata yule aliyekiuza Dumila hakukijua, kwa sababu alikuwa amekitundika kwenye hanga.

"Ni koti la watu wasiofanya kazi," akaeleza Alois. "Ndiyo maana halina mikono."

Fundi Abeid akakizunguka mara kadhaa. Akakata matundu mawili ya mikono, akayapiga pindo. Chini akafungua mwanya kidogo, si mkubwa, ili joto lisitoke. Mama Fidelis akajitia ndani, akafunga zipu hadi kidevuni, akavaa mzula na miwani ya kuchomelea, akashika jembe. Akajaribu kupiga hatua. Haikuwezekana. Akaruka. Akaruka tena. Akavuka uwanja wa soko la Mlali kwa kurukaruka, mchana wa Novemba, akiwa ndani ya fulana za vyama vyote, gauni, suruali ya pazia na lile koti, na wauza nyanya wakasimama kwa adabu kama wanapishana na maiti. Alipofika kwenye duka la nafaka akaanguka upande. Tulipomfungua zipu, mvuke ulitoka kama kwenye sufuria ya ndizi.

"Linaendeleaje?" Abeid akauliza kwa wasiwasi.

"Linapasha," akasema Mama Fidelis, akiomba maji.

Kwa kuwa mizigo ilikuwa ya kubebwa na wengine, hakujinyima. Alifunga godoro. Alifunga jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili, kinu na mchi wake, kwa sababu alishakula ugenini vitu visivyotwangwa vizuri na hakutaka tena. Alifunga chupa ya chai, ndoo, mwiko, kiti cha kukunja kwa ajili ya mpagazi akichoka, na tetea mmoja kama zawadi kwa yeyote atakayempokea. Akatengeneza pia ngata tano za majani ya migomba, nzuri, laini, kila mpagazi na yake. Alijua kichwa kinavyouma bila ngata.

Siku ya safari pikapu ilikuja asubuhi. Faraja alitazama rundo la mizigo lililofikia dirisha la nyumba. Nilimwona anataka kusema neno, kisha akaliangalia lile koti la bluu na uso wake ukalainika.

"Mama," akasema, "hilo ni la kisasa kabisa."

Nyuma ya pikapu tayari kulikuwa na magunia sita meupe yasiyo na maandishi. Tukapanga vitu juu yake, tetea akafungwa juu kabisa. Alois akapanda nyuma, na mimi nikapanda pia, kwa kuwa nilikuwa na jamaa wa kumsalimia Moshi na sikuona sababu ya kulipa nauli. Mlali nzima ikapunga mikono. Gari likaondoka, likafika njia panda, na badala ya kushika njia ya Morogoro mjini likakata kwenda juu, barabara ya Mgeta.

Mama Fidelis, aliyekaa mbele, alihesabu kona nne au tano.

"Mwanangu," tukamsikia kupitia kidirisha cha nyuma, "huku ni kwetu."

Faraja akabadilisha gia bila sababu.

"Mama, nitakwambia kweli. Fedha ya mlima imeisha."

"Imeishia wapi?"

"Kwenye kalenda za mlima."

Akaeleza kwamba bosi wa kampuni alikuwa amepiga hesabu, akaona kuwa mlima ni mlima, na kwamba kwenye picha mtu hawezi kuuliza jina lake. Uluguru kuna ukungu, kuna baridi, na ni karibu. Kilichokosekana ni theluji, na theluji, akasema Faraja huku akionyesha nyuma kwa kidole gumba, ilikuwa kwenye magunia.

Mama Fidelis hakugomba. Baadaye aliniambia kwamba swali moja tu lilimuuma, akaliuliza palepale.

"Na wapagazi?"

Faraja akanitazama kwenye kioo, akamtazama na Alois.

Barabara iliisha mbele kidogo ya soko la Mgeta. Faraja akamwomba mama avae kila kitu, ili mwanga mzuri usiwapite. Akavaa. Njia ya kwenda juu alikochagua Faraja ilipita katikati ya matuta ya njegere, na matuta yale yalikuwa ya Bibi Ester, mama mzazi wa Eufrazia. Tulipanda: mimi na kinu kichwani, Alois na godoro, Faraja na gunia moja baada ya jingine, akirudi na kupanda, tai yake imegeukia mgongoni. Ngata zilitufaa sana. Mama Fidelis alipandisha lile koti hadi magotini akatangulia mikono mitupu. Licha ya yote, alitembea kwa raha kuliko nilivyowahi kumwona.

Bibi Ester alikuwa anapalilia. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini masikio yalikuwa mazima. Akainua uso, akaona kitu cha bluu kinakuja kutoka kwenye ukungu.

"Shikamoo mama," kitu kikasema kutoka ndani ya mzula.

"Marahaba," akajibu Bibi Ester, akaweka jembe chini. "Karibu mgeni. Pole na safari ya kutoka Ulaya."

"Mama, ni mimi," kikasema, sasa kwa Kiluguru.

"Ndiyo, ni wewe, nimekuona. Kaa hapa kwenye jiwe." Akamkagua juu hadi chini. "Kiluguru chetu umejifunza wapi? Unakisema vizuri, ila kimeingia lafudhi ya Mlali."

Mama Fidelis akajaribu kuvua miwani, lakini kamba yake ilikuwa imefungwa pamoja na mzula, na mzula na kofia ya koti, na Scholastika alipofunga kitu kilifungika. Bibi Ester akawaita majirani waje wamwone Mzungu wa kike anayesema Kiluguru. Wakaja wengi. Alois akaamkia, "Shikamoo mama mkwe," na Bibi Ester akamwuliza, huku akimpokea yule tetea, mbona mkewe hakumleta, badala yake anatembea na wanawake wa Kizungu.

Faraja hakuwa na subira. Mteremko mmoja wenye nyasi fupi ulikuwa umemfaa, akafungua magunia na kumwaga sabuni ya unga, Povu Jingi tupu, kutoka juu mpaka karibu na kijito. Ikang'aa. Ilinukia ndimu mpaka watu wakapiga chafya. Akamsimamisha Mama Fidelis katikati, koti likateremshwa hadi chini, jembe juu, mbeleko mgongoni. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja kwenye kamera.

"Cheka, mama."

"Nimecheka. Mdomo hauonekani."

Ndipo mvua ya Uluguru, ambayo huwa haipigi hodi, ikashuka yote kwa mara moja.

Sijui kama umewahi kuona magunia sita ya sabuni yakinyeshewa kwenye mteremko. Kwanza palianza kuchemka. Kisha pakaumuka. Povu likapanda hadi magotini, likapanda hadi kiunoni, likaanza kutembea. Mwanamke mmoja aliyesimama karibu akalichota kwa kiganja, akalinusa, akatoa sauti moja kali ya kuita wenzake. Kufumba na kufumbua njia zote zikajaa wanawake wenye mabeseni, mashuka, sare za shule, mapazia ya altare. Wakaingia kwenye mteremko na kuanza kufua.

"Jamani, hiyo ni theluji!" Faraja alipiga kelele akiikinga kamera kwa tai. "Msifulie theluji!"

"Theluji oyee!" wakajibu, maana walikuwa wameizoea sauti ya kampeni.

Mama Fidelis akajaribu kuruka ili ajitoe. Akateleza. Lile koti, chini jembamba na kote laini, lilikwenda kama samaki. Akapita katikati ya wafuaji akiwa amekaa, jembe limeinuliwa juu, amenyooka kabisa, na povu likimfungukia pande zote mbili. Wanawake wakampisha na mashuka yao. Hakupiga kelele. Alipopita mbele yangu nilisikia anacheka mle ndani ya mzula, kicheko cha msichana, na nilikuwa simjui kwa kicheko hicho. Akaishia kwenye kijito, ameketi kwenye maji yanayofika kifuani, manyoya yakimtoka mikononi kama bata. Faraja, kwa woga, alikuwa amebonyeza kamera.

Tukamtoa kwa kamba. Tukamkata mzula kwa kisu cha mboga. Akaenda nyumbani kwa mama yake akiwa na gauni tu na ile suruali ya pazia, akainama mlangoni. Bibi Ester alikuwa jikoni anachochea moto.

"Eufrazia!" akasema kwa furaha kubwa. "Loo, mwanangu, umechelewa kidogo tu. Nilikuwa na mgeni hapa, Mzungu, mtu wa adabu sana. Mmepishana."

Alikaa kwa mama yake karibu wiki mbili. Alipanda zile njegere, akatwangia kinu chake, akalala kwenye godoro lake. Faraja alirudi Dar es Salaam akiwa msafi kuliko alivyokuja. Tukasikia bosi aliipenda picha kupita kiasi, ingawa kampuni yenyewe haikufika mbali. Kabla ya mwaka uliofuata kuisha ilikuwa imeacha sabuni na kuanza kuuza maji ya chupa.

Mama Fidelis aliporudi Mlali, barazani kwa Abeid palijaa watu wanaotaka kuambiwa Kilimanjaro ikoje. Akawaambia ukweli wote, kuanzia njia panda. Walisikiliza kwa heshima, kisha fundi Abeid akauliza, "Sawa, Mama Fidelis, lakini theluji yenyewe?"

Akafikiri. "Inawasha macho," akasema. "Inanukia ndimu. Na inatoa madoa."

Hilo wakaliamini.

Siku hizi hupanda Mgeta mara nyingi kuliko zamani, maana aligundua kwamba anapenda kupanda bila mzigo, na kwamba mama yake amezeeka. Kila akifika, Bibi Ester humkaribisha, humpa kigoda, na kabla hata ya kuuliza habari za Alois na watoto humwuliza yule mgeni wa bluu yuko wapi na kama hajambo. Mwanzoni Mama Fidelis alikuwa anaeleza. Akaeleza mwaka mzima. Sasa hushusha pumzi tu, hushika mchi, na hujibu akianza kutwanga:

"Hajambo, mama. Anakusalimia sana."